Damu ilipimwa na kundi lilikuwa sawa: kwa nini mapafu ya mke wangu yalijaa maji?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili kwa upasuaji, akatokwa na damu nyingi, akaongezewa chupa mbili za damu na baadaye plazma, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na seli. Kabla plazma haijaisha alianza kuhema kwa shida, midomo ikabadilika rangi, homa ikapanda, na ikabidi awekwe kwenye mashine ya kupumulia kwa siku tatu. Tunamshukuru Mungu sasa yuko nyumbani na ni mzima. Daktari alituambia kwamba mapafu yaliumizwa na damu aliyoongezewa, ingawa ilipimwa na kundi lilikuwa sawa. Dada yake, mama wa watoto watano, alichangia damu wiki hiyo hiyo, na baadhi ya ndugu wamesoma mahali kwamba damu ya wanawake waliozaa ina madhara, wakaanza kumlaumu. Je, damu ile ilikuwa mbaya? Utafiti unasema nini? Na mke wangu akihitaji damu tena itakuwaje?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nimefarijika kusikia kwamba mama yuko nyumbani na mtoto wake. Sina faili lake mbele yangu, kwa hiyo siwezi kuthibitisha wala kukanusha uamuzi wa daktari aliyemhudumia. Lakini dalili ulizozieleza, na hasa muda zilipoanza, zinalingana na jeraha la ghafla la mapafu linalotokana na kuongezewa damu, ambalo wataalamu wa tiba ya damu huliita kwa kifupi cha Kiingereza TRALI. Nitaeleza kwa kirefu jinsi linavyotokea, kwa sababu jibu la lawama anazotupiwa dada yake limo ndani ya maelezo hayo.

Mkutano wa wataalamu uliofanyika Toronto, Kanada, mwaka 2004 ulikubaliana kwamba mgonjwa atahesabiwa kuwa amepata TRALI iwapo upungufu wa oksijeni umeanza wakati anaongezewa damu au ndani ya saa 6 baada ya hapo, picha ya eksirei inaonyesha weupe katika mapafu yote mawili, na hakuna dalili kwamba maji yaliyojaa mapafuni yametokana na moyo kuzidiwa. Sharti hili la mwisho ndilo linalowasumbua madaktari, kwa sababu lipo tatizo jingine la kuongezewa damu nyingi au kwa haraka kuliko moyo unavyoweza kuisukuma, nalo hujaza maji mapafuni ndani ya saa zile zile. Mgonjwa wa tatizo hilo la pili kwa kawaida shinikizo lake la damu hupanda, na akipewa furosemaidi, dawa ya kukojosha, hukojoa sana na kupata nafuu. Mgonjwa wa TRALI mara nyingi shinikizo lake hushuka, homa humpanda, na dawa za kukojosha zinaweza kumwongezea hatari, maana maji yaliyomo mapafuni yamevuja kutoka kwenye mishipa iliyojeruhiwa huku mishipa yenyewe ikipungukiwa. Mwaka 2019 jopo la kimataifa liliyapitia upya makubaliano ya Toronto na kuwagawa wagonjwa katika aina mbili: wale ambao hawakuwa na sababu nyingine yoyote ya kuumia mapafu, na wale waliokuwa nayo lakini hali yao ya upumuaji ilikuwa imetulia kwa saa 12 kabla ya kuongezewa damu.

Sasa nije kwenye swali la ubaya wa damu. Chupa ya damu inapopimwa katika benki zetu za damu, huangaliwa kundi lake, virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Kisha maabara ya hospitali hulinganisha seli nyekundu za mchangiaji na damu ya mgonjwa. Vipimo hivyo ni vya lazima na vimeokoa watu wengi, lakini hakuna hata kimoja kinachotafuta kitu kinachosababisha TRALI. Damu inaweza kufaulu vipimo vyote, ikawekwa kwa mgonjwa kwa utaratibu sahihi kabisa na muuguzi makini, na tatizo hili likatokea. Kwa hiyo haikuwa damu chafu, na kwa maelezo uliyonipa sioni kosa la maabara.

Kitu hicho mara nyingi ni kingamwili za aina fulani zilizomo katika plazma ya mchangiaji, yaani protini ambazo kinga ya mwili hutengeneza ili kushika vitu inavyoviona vigeni. Kisa cha kwanza cha mgonjwa aliyefariki kwa mapafu kujaa maji baada ya kuongezewa damu, bila moyo kuhusika, kiliandikwa Marekani mwaka 1951. Mwaka 1957 mtafiti Brittingham alichukua mililita 50 tu za damu iliyokuwa na kingamwili zinazogandamanisha seli nyeupe, akamwekea mtu aliyejitolea. Mtu huyo akapata homa, shinikizo likashuka, na mapafu yakaonyesha madhara. Jaribio kama hilo lisingeruhusiwa na kamati yoyote ya maadili leo, lakini lilionyesha kwamba kiasi kidogo cha plazma kinatosha. Hata hivyo tatizo halikupata jina hadi miaka ya 1980, ambapo Mark Popovsky na Breanndan Moore wa Mayo Clinic, jimboni Minnesota, walikusanya wagonjwa 36 na kuchapisha habari zao mwaka 1985. Wote 36 walihitaji oksijeni, asilimia 72 walihitaji mashine ya kupumulia, na asilimia 6 walifariki. Wengi wa waliobaki walipata nafuu ndani ya siku 4. Ukilinganisha na siku tatu za mke wako kwenye mashine, utaona kwamba alipita njia ile ile.

Kingamwili hizo hutoka wapi? Chanzo kikuu ni ujauzito. Mtoto tumboni hurithi nusu ya alama za seli zake kutoka kwa baba, na seli chache za mtoto hupenya na kuingia katika damu ya mama. Kinga ya mama huziona alama hizo kuwa ngeni na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Kingamwili hizi hazimdhuru mama mwenyewe, kwa kuwa seli zake hazina alama hizo, naye anaweza kuishi nazo kwa miaka mingi bila kujua. Uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa wachangiaji damu wa Marekani na kuchapishwa mwaka 2009 ulipima kingamwili dhidi ya alama zinazoitwa HLA, ambazo zimo kwenye seli nyeupe na seli nyingine nyingi za mwili: zilipatikana kwa asilimia 1.7 ya wanawake ambao hawajawahi kushika mimba, asilimia 11.2 ya waliopata mimba moja, asilimia 22.5 ya waliopata mbili, na zaidi ya robo ya waliopata tatu. Hapo ndipo ndugu zako walipopata habari waliyoisoma. Habari yenyewe ni ya kweli, ila wameiacha nusu.

Nusu waliyoiacha inaonekana vizuri katika uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, ambao nadhani kila daktari anayeagiza damu angepaswa kuujua. Mgonjwa mmoja alifariki kwa TRALI, na mchangiaji wa plazma ile akagundulika kuwa na kingamwili dhidi ya alama ya seli nyeupe inayoitwa HNA-3a. Alama hii inapatikana kwa watu wengi mno, kiasi kwamba karibu kila aliyepokea plazma ya mchangiaji yule alikuwa nayo kwenye seli zake. Watafiti wakarudi nyuma na kusoma mafaili ya wagonjwa 36 waliowahi kupokea plazma yake katika miaka miwili iliyotangulia. Wanane walikuwa wamepata madhara makali ya mapafu, sita walipata madhara mepesi au ya wastani, na zaidi ya nusu hawakupata lolote. Plazma ni ya mtu yule yule, kingamwili ni ile ile, alama inayolengwa wanayo karibu wote, na bado wengi wao walirudi nyumbani salama. Jambo la pili katika uchunguzi huo linasikitisha: kati ya visa vile vinane vikali, viwili tu ndivyo vilivyokuwa vimeripotiwa kwa kituo kilichokusanya damu. Kama visa vya mwanzo vingeripotiwa, huenda mchangiaji yule angeelekezwa mapema kuacha kutoa plazma, na mgonjwa wa mwisho asingekutana nayo.

Swali lililofuata kwa watafiti lilikuwa ni kitu gani kinawatofautisha waliodhurika na waliosalimika. Mjini Denver, Colorado, Christopher Silliman na wenzake walipendekeza katika miaka ya 1990 kwamba mapigo mawili ni lazima yakutane. Pigo la kwanza ni hali ya mgonjwa mwenyewe: upasuaji mkubwa, maambukizi, mshtuko wa kupoteza damu, au kuwa kwenye mashine ya kupumulia. Hali hizo huziamsha seli nyeupe zinazoitwa nyutrofili na kuzifanya zishikamane na kuta za mishipa midogo ya mapafu, ambako hata kwa mtu mzima wa afya huwa nyingi, kwa sababu mishipa hiyo ni myembamba na nyutrofili hulazimika kujibana ili zipite. Pigo la pili huletwa na chupa ya damu: kingamwili zinazozishika nyutrofili hizo zilizokwisha kuamka, nazo humwaga pale pale kemikali zilizokusudiwa kuua bakteria. Ukuta wa mshipa hutoboka, na maji yenye protini huvuja kuingia kwenye vifuko vya hewa.

Silliman alipendekeza pia kwamba mafuta fulani yanayojikusanya katika damu iliyohifadhiwa kwa muda mrefu yanaweza kufanya kazi ya kingamwili. Binafsi naona upande huu wa hoja haujasimama imara kama ule wa kingamwili. Majaribio makubwa ya kitabibu yaliyolinganisha damu mbichi na damu iliyokaa, likiwemo moja la Kanada na Ulaya lililochapishwa mwaka 2015 lililohusisha wagonjwa mahututi 2,430, hayakuonyesha kwamba damu iliyokaa inaongeza vifo. Hayo hayaiondoi hoja ya mafuta kabisa, ila yanaonyesha kwamba umri wa damu si jambo la kumnyima mgonjwa usingizi.

Ushahidi wa mapigo mawili ulipata nguvu kutoka kwa panya. Katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, Mark Looney na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba panya waliodungwa kingamwili dhidi ya alama zinazofanana na HLA walipata jeraha la mapafu ndani ya saa chache, na kwamba walioondolewa nyutrofili kwanza hawakudhurika. Kisha likajitokeza jambo ambalo hawakulitarajia: panya waliofugwa katika vyumba safi sana, visivyo na vijidudu vya kawaida, hawakuugua hata walipopewa kingamwili ile ile. Ilibidi kwanza wadungwe kiasi kidogo cha sumu ya bakteria ndipo kingamwili ziweze kuwadhuru. Huko Toronto, Rick Kapur na John Semple waliendelea na njia hiyo, wakaonyesha kwamba bakteria wa utumbo wana sehemu katika kuutayarisha mwili, na kwamba kundi la seli za kinga zenye kazi ya kutuliza wenzake huwalinda panya kwa kutoa kemikali inayoitwa IL-10.

Nikirudi kwa mke wako, pigo la kwanza alikuwa nalo tayari. Alikuwa ametoka kwenye upasuaji, amepoteza damu nyingi, na mwili wa mama aliyejifungua huwa katika hali ya uvimbe wa ndani ambayo ni ya kawaida kwa uzazi. Plazma ile ile ingeweza kupewa mgonjwa wa chumba cha pili na isimfanye lolote.

Matokeo ya utafiti huu yalibadilisha kazi za benki za damu. Uingereza, ambayo tangu mwaka 1996 ilikuwa na mfumo wa kitaifa wa kukusanya ripoti za madhara ya kuongezewa damu, ilianza mwishoni mwa mwaka 2003 kutumia plazma ya wanaume kwa ajili ya wagonjwa, huku plazma ya wanawake ikielekezwa kwenye matumizi mengine. Visa vilivyotokana na plazma vilishuka kutoka 15.5 kwa kila chupa milioni moja katika miaka ya 1999 hadi 2004, hadi 3.2 kwa kila chupa milioni moja katika miaka ya 2005 na 2006. Marekani ilifuata njia hiyo, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kushuka kutoka visa 2.57 kwa kila chupa 10,000 mwaka 2006 hadi 0.81 mwaka 2009. Uchunguzi huo huo ulitaja mambo ya upande wa mgonjwa yanayoongeza hatari: mshtuko, upasuaji wa ini, unywaji wa pombe wa kupindukia, uvutaji wa sigara, na kuwa na maji mengi mwilini kabla ya kuongezewa damu. Hili la mwisho linatugusa sisi moja kwa moja, kwa sababu katika wodi za uzazi mama anayetokwa na damu mara nyingi hupewa dripu nyingi wakati damu inasubiriwa.

Hapa Afrika Mashariki suala lina sura yake. Hospitali nyingi bado hutumia damu nzima, yaani isiyotenganishwa, na chupa moja ya damu nzima ya mililita 450 ina zaidi ya mililita 200 za plazma, wakati chupa ya seli nyekundu zilizotenganishwa na kuwekwa katika maji ya kuhifadhia hubaki na kiasi kidogo tu. Sera ya plazma ya wanaume haiwezi kumfikia mgonjwa anayepewa damu nzima. Zaidi ya hapo, mahali pasipo na kipimo cha gesi za damu wala eksirei ya kitandani, mgonjwa aliyepata TRALI anaweza kuandikwa kuwa alikuwa na nimonia au moyo ulishindwa, na kisa chake kisihesabiwe. Njia ya kutoka hapo ipo, na ilitoka kwa jirani zetu wa Rwanda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, madaktari wa Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali walionyesha kwamba jeraha kali la mapafu linaweza kutambuliwa kwa kutumia kipimo cha oksijeni cha kidoleni pamoja na mashine ya altrasaundi, bila gesi za damu na bila mashine ya kupumulia. Makubaliano mapya ya kimataifa kuhusu jeraha hilo yameipokea njia hiyo. Natamani kuona wodi zetu za uzazi zikiitumia kwa kila mama anayeanza kuhema baada ya kuongezewa damu.

Kuhusu dada yake, naomba ndugu wote wasomewe sehemu hii. Kwa kawaida damu ambayo ndugu huchangia huingia katika akiba ya pamoja na hutolewa kwa mgonjwa yeyote inayemfaa, kwa hiyo hakuna sababu ya kudhani kwamba ni yake ndiyo aliyopewa mdogo wake. Hata kama ingekuwa yake, kingamwili ni kitu alichokipata kwa kubeba mimba, na hakukuwa na njia yoyote ya yeye kujua. Wala haimpasi kuacha kuchangia. Seli nyekundu za mama wa watoto watano ni salama kama za mtu mwingine zikitenganishwa na plazma yake, na benki ya damu ikigundua kwamba ana kingamwili hizo itajua namna ya kuitumia damu yake. Tukiwaondoa wanawake wote waliozaa katika uchangiaji, tutawapoteza kina mama wengi zaidi kwa kukosa damu kuliko tutakaowaokoa na TRALI.

Kuna jambo moja la kifamilia ambalo ningependa mlijue, kwa sababu kwetu ndugu ndio hukimbilia kuchangia. Mama hashauriwi kumpa mtoto wake wa kumzaa damu nzima au plazma iliyoelekezwa kwake moja kwa moja, kwani kingamwili alizo nazo zinaweza kuwa zimetengenezwa dhidi ya alama ambazo mtoto huyo huyo amezirithi kwa baba yake. Vivyo hivyo, mume hashauriwi kumpa damu mke aliyemzalia watoto, kwa kuwa kingamwili za mke zinaweza kuzishambulia seli nyeupe zilizomo katika damu ya mume. Changieni katika akiba ya pamoja, na hatari hiyo hupungua.

Je, mke wako anaweza kuongezewa damu tena? Ndiyo, na asiogope ikibidi. Katika visa vingi kingamwili huwa zimetoka kwa mchangiaji na si kwa mgonjwa, kwa hiyo mgonjwa hana kitu ndani yake kitakachorudia tatizo, na kurudia ni nadra. Waganga watakaomhudumia waambiwe mapema, wampe chupa moja moja kulingana na mahitaji, na wamwangalie kwa karibu katika saa 6 za mwanzo. Ikiwezekana apewe seli nyekundu zilizotenganishwa, na bora zaidi zilizochujwa seli nyeupe.

Dawa ya kutibu TRALI yenyewe bado haijapatikana. Steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe wa ndani, hazijathibitika kusaidia. Aspirini iliwalinda panya, lakini jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2016, ambalo liliwapa aspirini wagonjwa waliokuwa katika hatari ya kuumia mapafu kwa sababu mbalimbali, halikupunguza idadi ya walioumia. IL-10 bado iko kwa panya. Kilichomwokoa mke wako ni oksijeni, mashine iliyosukuma pumzi ndogo ndogo zisizoyatanua mapafu kupita kiasi, na watu waliotambua haraka na kuisimamisha plazma.

Limebaki jambo moja la kufanya, na lifanyike wiki hii. Nenda hospitalini uombe uthibitisho kwamba kisa hiki kimeripotiwa kwa benki ya damu pamoja na nambari za chupa zote tatu, si ya plazma peke yake, kwani kingamwili zinaweza kuwa zilitoka katika yoyote kati ya hizo. Nambari hizo huandikwa katika faili wakati chupa inapotundikwa. Kupitia kwazo benki ya damu inaweza kuwafikia wachangiaji, kuwapima inapowezekana, na kuzizuia chupa nyingine za plazma yao ambazo huenda bado zimo kwenye jokofu, kwa sababu plazma iliyogandishwa huweza kukaa hadi mwaka mzima kabla ya kutumika.